Mwashi Anayepiga Magoti Kabla ya Kuweka Dirisha

Saa moja asubuhi, ndani ya chumba kisicho na paa, mwanamke wa makamo amelala chali juu ya sakafu ya zege. Mikono ameikunja kifuani, viatu vyake vya mpira vimeelekea mlangoni, na macho ameyakaza ukutani. Mafundi wenzake wanapita juu yake na makarai ya saruji bila kumtazama mara mbili.

Mgeni angedhani kuna mtu ameanguka. Mwandishi wa makala haya alidhani hivyo hivyo, akaanza kutafuta wa kumsaidia kumbeba.

"Mwache tu," anasema saidia fundi mmoja huku akicheka. "Huyo ni mgonjwa wa kitanda cha dirishani."

Hapa panajengwa zahanati, na chumba hiki kitakuwa wodi. Mwanamke aliyelala ndiye kiongozi wa waashi. Wote humwita Mama Timazi, kwa sababu ya ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mwashi huuning'iniza kujua kama ukuta umesimama wima. Wa kwake haumtoki mfukoni, hata akienda harusini.

Amejilaza mahali palipopangiwa kitanda, anatazama kile ambacho mgonjwa atakitazama kuanzia asubuhi hadi jioni. Baada ya muda anainuka, anajikung'uta vumbi mgongoni na kutoa hukumu yake.

"Kitanda hiki kinaona choo," anasema. "Mtu ana homa, kinywa kichungu, halafu wewe unamwonyesha choo. Atapona saa ngapi?"

Anampigia simu msanifu majengo aliyechora ramani. Mazungumzo yanaanza kwa kuulizana hali za nyumbani, yanapita kwenye choo, na kuishia kwa makubaliano. Dirisha litasogea kidogo upande wa kushoto, ili mgonjwa aione miti ya jirani badala ya mlango wa msalani. Mafundi wanapima upya, na kazi inaendelea.

Mama Timazi ana umri wa miaka hamsini na tatu, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumia kwenye majengo. Alianza kwa kubeba matofali, akilipwa nusu ya ujira wa wanaume ingawa karai lilikuwa lile lile na jua lilikuwa lile lile. Wakati wa mapumziko ya mchana, waashi walipokuwa wamesinzia kivulini, yeye alichukua mwiko wa mmoja wao na kujaribu kupanga matofali. Mwenye mwiko akiamka, hukuta ukuta umeongezeka.

"Mwanzoni walinigombeza," anakumbuka. "Baadaye wakawa wanalala makusudi."

Mumewe ni fundi cherehani mwenye maneno mengi na uzi mdomoni. Anasema nyumba yao ni ya watu wa vipimo: mke hupima kuta na yeye hupima viuno, na kati ya hivyo viwili ni kiuno ndicho hubadilika bila taarifa. Kuhusu tabia ya mkewe ya kulala sakafuni, anasema aliizoea, ila majirani bado. Siku moja jirani alichungulia jikoni kwao, akamkuta Mama Timazi amejinyoosha chini akichunguza mwanga unavyoingia. Kabla ya adhuhuri nusu ya mtaa ilikuwa imefika kutoa pole.

Tabia hiyo haikuwapo tangu zamani. Ilizaliwa na kosa, tena kosa ambalo mwashi mzoefu tu ndiye angeweza kulifanya.

Miaka michache iliyopita aliongoza kikosi kilichojenga shule ya chekechea. Ramani ilikuwa ya msanifu huyu huyu wa zahanati, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wake. Kazi ilipofika kwenye madirisha, Mama Timazi aliitazama ramani, akaigeuza, akaitazama tena. Madirisha yalikuwa yamechorwa chini mno, karibu na goti la mtu mzima.

Kila mwashi anajua dirisha huanzia wapi. Mkono wenyewe unajua, hauhitaji kuulizwa. Mama Timazi akaamua kwamba binti wa watu alikuwa amechoka siku hiyo na kalamu ikamteleza.

Sasa, waashi wana adabu yao. Fundi mwenye heshima hatangazi kosa la mchoraji mbele za watu. Hulirekebisha kimya kimya, ukuta ukapanda, na mchoraji akija akakuta mambo shwari. Hiyo wao huiita kumsitiri mtu. Msanifu alikuwa amesafiri wiki hiyo, basi Mama Timazi akamsitiri kwelikweli. Aliyapandisha madirisha yote hadi kifuani, akapiga lipu safi, na kuwaonya wenzake wafunge midomo.

"Nilijiona nimetenda wema," anasema. "Nikawa nasubiri arudi anishukuru kwa macho, maana mambo kama hayo hayasemwi."

Msanifu aliporudi hakushukuru kwa macho wala kwa mdomo. Alisimama katikati ya darasa. Halafu, na suruali yake nzuri ya safarini, akapiga magoti, akatembea kwa magoti mpaka ukutani. Kutoka huko akamwita kiongozi wa waashi na kumwomba aje vivyo hivyo, kwa magoti.

Kikosi kizima kiliacha kazi. Kumwona Mama Timazi akitambaa kwenye jengo lake mwenyewe si jambo la kila siku. Alifika, akatulia kando ya yule binti bega kwa bega, wote wakautazama ukuta. Msanifu akamuuliza anaona nini. Akajibu kwamba anaona lipu, tena lipu nzuri.

"Ni nzuri kweli, mama," msanifu alisema. "Na mtoto wa miaka minne ataitazama hiyo lipu mwaka mzima."

Mama Timazi anasema aliendelea kuutazama ukuta. Hakuwa na hasira wala aibu. Alikuwa amerudi kwenye darasa lake la utotoni, dawati la nyuma, ambako kwa miaka minne aliitazama alama ya maji iliyokuwa imetambaa ukutani kutoka kwenye paa linalovuja.

"Aliyonifundisha mwalimu nimeyasahau, lakini ile alama naweza kukuchorea sasa hivi," anasema. "Niliacha shule darasa la nne. Walisema nina kichwa kizito. Labda kilikuwa kizito kweli. Lakini hakuna aliyekuja kukaa nilipokaa akaona ninachokiona."

Siku iliyofuata walibomoa. Wenzake walinung'unika, kwa sababu kubomoa ukuta wako mwenyewe kunauma, na lipu ilikuwa imeshika vizuri mno. Shule ilipofunguliwa, Mama Timazi alipita nje ya uzio kana kwamba ana shughuli zake. Aliwakuta watoto wameegemeza viwiko madirishani, wanawasalimia wapita njia wote kwa zamu, na wapita njia wanajibu. Mzee mmoja aliyekuwa hasalimiani na mtu mtaani alisimamishwa mara nne kabla ya kufika kwenye kona.

Tangu hapo haweki dirisha kabla ya kujiweka yeye. Kwenye jiko husimama mahali pa mpishi. Kwenye darasa hupiga magoti. Alipojenga nyumba ya mama mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, aliazima kiti chenyewe, akakiendesha ndani ya jengo siku nzima, akagonga fremu za milango mpaka seremala akaomba uhamisho.

Mtihani wake mkubwa, hata hivyo, haukumsubiri kazini. Ulimsubiri nyumbani.

Mama Timazi na mumewe wanaishi na mjukuu wao wa kike. Babu humwita mchumba wake, na bibi, kama ilivyo ada ya bibi, humwita mke mwenzangu na kumshutumu kwa kumnyang'anya mume. Mtoto huyo alikuwa mchangamfu, mwenye maswali yasiyoisha, hadi alipoanza darasa la kwanza katika shule ya mtaani kwao. Ndani ya wiki chache alianza kuumwa kila asubuhi. Leo tumbo, kesho kichwa, keshokutwa unyayo.

Babu alidhani ni deko. Mwalimu alisema mtoto ni mzito wa kuelewa, hata kunakili kutoka ubaoni anakosea. Neno hilo, mzito, lilimchoma Mama Timazi mahali pa zamani. Jioni hiyo alimweka mjukuu wake mapajani na kumuuliza kuna nini shuleni.

"Bibi," mtoto alimjibu, "kule ndani ni usiku."

Kesho yake Mama Timazi alikwenda shuleni saa ya mapumziko, akaingia darasani na kuketi kwenye dawati la mjukuu wake. Madarasa ya shule hiyo yamejengwa na madirisha madogo sana, yamebanwa juu kabisa chini ya paa, ili mwizi asiingie na mtoto asitazame nje. Mwanga wote ulitoka mlangoni na kuupiga ubao kwa upande, ubao ukawa unang'aa mtupu. Hewa ilikuwa imesimama. Alipotoka, na yeye alikuwa anaumwa kichwa.

Mwalimu mkuu, mtu mwema asiyependa vita, alimsikiliza na kumpeleka kwa kamati ya shule. Mwenyekiti wa kamati ni askari magereza mstaafu, mrefu, mnyoofu, anayependwa mtaani kwa sababu hajawahi kula hata shilingi ya mtu. Yeye hakuona tatizo lolote kwenye madirisha ya juu. Alikuwa ameyazoea.

Ana msemo wake, aliutunga mwenyewe na anaupenda: "Jicho likitoka nje, sikio hulifuata." Mtoto akipewa dirisha, alisema, atatazama mbuzi, na mtihani hauulizi habari za mbuzi.

Walivutana kwa wiki kadhaa. Mwishowe wakakubaliana hivi. Mama Timazi na waashi wenzake watashusha madirisha ya ukuta mmoja wa darasa la kwanza wakati wa likizo, bila malipo, na kuweka nondo imara. Matofali yatakayotoka yatapangwa nyuma ya darasa, yasiguswe. Mwisho wa mwaka kamati itakaa na kuamua. Ikikataa, Mama Timazi ataziba madirisha hayo kwa mikono yake mwenyewe, kwa matofali yale yale.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama aliyefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini na ambaye sauti yake husikika hadi barabarani, anasema hakufundisha chochote. Darasa zima lilihamia dirishani. Kuku akipita, somo limekwisha. Alimtuma mtoto ampelekee Mama Timazi salamu zisizo nzuri.

Mama Timazi alifika na kupiga magoti kama kawaida yake. Wakayageuza madawati pamoja, mwanga ukawa unaingia kwa upande wa kushoto wa mtoto anayeandika na ubao ukaacha kung'aa. Lakini la kuku na mbuzi lilitatuliwa na mwalimu mwenyewe, na fundi anasisitiza hilo liandikwe. Kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, watoto sasa hutazama nje mpaka washibe. Kisha kila mmoja husema alichokiona, na akishakisema hukiandika.

"Walikuwa wanachungulia kwa wizi," anasema mwalimu. "Nikaona heri kuchungulia kwenyewe kuwe somo. Sasa nikiwaambia wageukie ubao, wanageuka, maana wameshakula cha nje."

Anaongeza kwamba koo lake limepona. Zamani alipiga kelele kwa sababu nusu ya darasa ilikuwa inasinzia. Utoro nao umepungua. Mwanzoni mwa mwaka viti vitupu vilikuwa kumi na zaidi kila siku. Siku hizi vikizidi vitatu anauliza kuna msiba wa nani.

Matofali yale ya nyuma ya darasa nayo yalipata kazi bila kuombwa. Karibu na hapo kuna bomba la maji, na akina mama wanaosubiri ndoo zijae walikuwa wakisimama juani. Mmoja aliketi juu ya matofali, chini ya dirisha. Kesho yake walikuwa wawili. Baadaye wakayapanga vizuri yakawa benchi refu, na kwa kuwa dirisha liko wazi, wakawa wanasikia masomo. Wazazi ambao hawakuwahi kufika kikao chochote cha shule sasa wanajua mtoto wao amefika wapi kwenye kujumlisha.

Mlinzi wa shule ndiye aliyezidisha. Alizoea kuegemea pale nje na kujibu maswali ya hesabu kabla ya watoto, mpaka mwalimu akampa adhabu ya kusimama getini, ambako ndiko alikoajiriwa kusimama.

Na mjukuu? Siku moja Mama Timazi alipita njia ya shule na vifaa vyake begani, akielekea kazini. Mchana mtoto alirudi na daftari. Kwenye somo la asubuhi alikuwa ameandika sentensi yake ya kwanza bila kunakili kwa mtu: Ninamwona bibi.

"Mume wangu aliisoma kwa sauti," anasema Mama Timazi. "Mimi nikaingia jikoni kulia, nikasingizia vitunguu."

Hata hivyo yote hayo hayakuwa yamemaliza shauri. Baadhi ya wazazi walikuwa wamelalamika kwa mwenyekiti. Watoto wanazurura kwa macho, walisema, na shule imekuwa kijiwe cha wachota maji. Mwaka ulikuwa unaisha, na mjukuu alikuwa anakaribia kupanda darasa la pili, chumba cha jirani, ambacho bado ni usiku. Kamati ikikataa, hata lile darasa moja litazibwa. Kikao kilipangwa siku ile ile mwandishi huyu alipomkuta Mama Timazi amelala zahanati.

Asubuhi alikuwa akitania kama kawaida. Kufikia mchana utani ulikuwa umekwisha. Chakula alikigusa tu, akakirudisha. Alipoulizwa anaogopa nini, alijibu bila kuzunguka.

"Nimebomoa kuta zangu nyingi na sikuumia sana," alisema. "Lakini kuziba lile dirisha na mtoto ananitazama kutoka ndani, hilo sijui nitalifanyaje."

Alikuwa amemwomba mwalimu mkuu jambo moja tu. Vikao hufanyika ofisini kwake, penye viti vya mito. Safari hii, Mama Timazi aliomba, kifanyike darasa la pili, na wajumbe waketi kwenye madawati ya watoto. Mwalimu mkuu alifikiri kidogo, akasema ofisi yake hata hivyo inahitaji kufagiliwa.

Saa nane wajumbe waliingia. Mwenyekiti alijaribu kuingiza miguu chini ya dawati, ikakataa. Akakaa upande, magoti yakiwa karibu na kidevu, heshima yake yote ikiwa imekunjika naye. Bati juu lilikuwa limeshika joto. Mtu mmoja alijipepea na bahasha, wa pili akaomba mlango ufunguliwe, akaambiwa uko wazi tangu mwanzo.

Mwenyekiti alimwomba katibu asome mambo ya kujadiliwa. Katibu aliinua karatasi, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akavaa miwani. Ikashindikana. Akainuka na kwenda kusimama mlangoni apate mwanga, na kwa kuwa ni mtu wa mwili, aliusimamisha mwanga wote nje pamoja naye. Darasa likawa giza. Sauti moja kutoka nyuma ikasema kwamba sasa hata yeye anataka kuumwa tumbo arudi nyumbani.

Watu walicheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Alijifuta jasho. Mama Timazi alikuwa ameketi pembeni. Wakatazamana.

"Umetuleta hapa makusudi, mama," alisema mwenyekiti.

"Ndiyo, mzee wangu," alijibu Mama Timazi. "Shikamoo."

Mwenyekiti aliitikia marahaba, kwa kuwa haiwezekani kutoitikia. Kisha akaamua kikao kihamie darasa la kwanza, si kwa kukubali chochote, alisisitiza, bali kwa ajili ya macho ya katibu.

Huko, wajumbe walikaa, wakapumua, na mjadala ukawaka. Mzazi mmoja alisema kwa nguvu kwamba hakumleta mwanawe shuleni kutazama mbuzi. Alikuwa na hoja, na wengi waliitikia kwa vichwa. Mwalimu wa darasa la kwanza alisimama akaeleza ya utoro na ya koo lake. Mwingine akauliza habari za wezi, akaonyeshwa nondo, akazitikisa, zikakataa kutikisika. Maoni yalikuwa bado yamegawanyika, hilo lilionekana wazi nyusoni. Mama Timazi alikuwa akisugua kiganja kwa kiganja.

Katibu akafika kwenye jambo la mwisho. Alisoma kwamba kamati iamue kama matofali yaliyohifadhiwa nyuma ya darasa yatumike kuziba madirisha ifikapo wiki ya pili ya likizo, kazi hiyo ifanywe na fundi aliyeyatoa. Alipomaliza alimgeukia mwenyekiti, na mwenyekiti hakuitikia. Akaita tena.

Mwenyekiti alikuwa ameketi karibu na dirisha, na alikuwa anatazama nje. Kule nje, juu ya matofali yaliyotajwa, mkewe alikuwa ameketi na wenzake akisubiri ndoo ijae. Alikuwa akisimulia kitu kwa mikono yote miwili, na wenzake walikuwa hoi kwa kicheko. Mwenyekiti alikuwa akitabasamu peke yake.

Hapo mwalimu wa darasa la kwanza akafanya alichokizoea. Alisimama, akakunja mikono, na kwa sauti ile ile ya darasani, ila kwa adabu ya mtu mzima kwa mzee, akamwomba mwenyekiti arudie alichosema katibu.

Mzee aligeuka polepole. Halafu akarudia yote, neno kwa neno: matofali, wiki ya pili ya likizo, fundi aliyeyatoa. Hata pale katibu alipokwama na kukohoa, alipataja.

"Hukukosa hata kidogo, mzee," alisema mwalimu. "Na macho yalikuwa bombani."

Kicheko kilianzia nyuma na kufika mbele kikiwa kimeshakomaa. Yule mzazi wa mbuzi ndiye aliyecheka zaidi. Mwenyekiti alijaribu kukunja uso, ukamponyoka.

"Sikio halikufuata," alikiri. "Nilikosea miaka yote hii. Wanaotaka dirisha libaki, mikono juu."

Mikono ilipanda yote, hata wa mlinzi, ambaye si mjumbe na alikuwa nje ya dirisha. Ikaamuliwa kwamba madirisha yabaki, na kwamba madarasa mengine yashushiwe, moja kila likizo kuu ya mwisho wa mwaka, kwa kuwa wazazi watajitolea nguvu na shule itanunua nondo kadiri itakavyoweza. Mwenyekiti aliongeza sharti moja kutoka kwake binafsi: matofali ya nyuma yasiondolewe, kwa sababu hataki maneno nyumbani. Mwandishi huyu, aliyekuja na kalamu ya kutopendelea upande, alijikuta ameshapiga makofi.

Mama Timazi hakupiga makofi. Alitoka nje, akaingia chumba cha darasa la pili kilichokuwa tupu, na alipofuatwa alikutwa amepiga magoti karibu na ukuta, anaugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ukuta mzuri, alisema. Umejengwa na mtu anayejua kazi. Ataubomoa kwa heshima.

Aliulizwa kama haoni kwamba darasa moja kwa mwaka ni mwendo wa kobe. Shule ina madarasa saba, na magoti yake yeye si ya jana. Alicheka, akaomba mkono ili ainuke.

"Mwendo wenyewe ndio niliouomba," alisema. "Mke mwenzangu anapanda darasa moja kila mwaka. Basi kila mwaka yeye atapanda darasa, na mimi nitashusha dirisha kabla hajafika."